Eti siku hizi watu hawafi kwa kidonda

Niliporudi kuandika baada ya kimya kirefu, niliweka mistari michache tu kueleza nilikuwa wapi. Nikasema niliugua, chanzo kikiwa kidonda cha mguu, nikamshukuru Mungu na madaktari, nikafunga mjadala. Wengi mlinipa pole, Mungu awalipe. Lakini kijana mmoja, ambaye kwa maelezo yake ameanza kazi nzuri na yuko mbioni kujijenga, akaniandikia hivi: "Kaka pole, ila usitutishe. Siku hizi watu hawafi kwa kidonda. Tuandikie vitu vya kutusogeza mbele."

Nimeurudia ujumbe huo mara nyingi kuliko unavyostahili. Sitajifanya mkubwa hapa: uliniuma. Sidhani kama kijana alikuwa na dharau. Uliniuma kwa sababu anaamini kabisa anachokisema, na kwa sababu maneno hayohayo niliyasikia nikiwa kitandani, sindano ikiwa mkononi, kutoka kwa watu ninaoshinda nao kila siku.

Basi leo naandika hilo. Nami naamini linasogeza watu mbele, ingawa huenda si kwa mwendo anaoutaka yeye.

Mnaonisoma mnanijua, na nadhani tunafanana. Tunaamka mapema, tuna daftari la malengo, tunataka kupanda, kujenga, kusomesha, kuacha jina. Wakati huo nilikuwa nimekabidhiwa kazi niliyoisubiri kwa miaka. Asubuhi moja nikajigonga ugoko kwenye ncha ya chuma cha kitanda. Ngozi ikachunika, damu kidogo ikatoka. Nikaosha kwa maji na sabuni, nikapaka dawa, nikafunga, nikaenda kazini. Daktari baadaye aliniambia nilifanya kama inavyotakiwa. Nalisema hili mapema kwa sababu kila anayeisikia habari hii hukimbilia kuuliza nilikosea wapi. Watu wanatamani sana pawe na kosa. Kosa likipatikana, basi wao ambao hawakulifanya wako salama.

Siku chache baadaye mguu ukavimba, ngozi ikakaza na kung'aa, ukiigusa ni moto. Kisha ikaja baridi. Nilitetemeka mpaka meno yakagongana, na blanketi zote za nyumba nilikuwa nimejifunika mimi. Nikadhani ni mafua. Usiku nikaanza kusema maneno yasiyoeleweka, na waliokuwa nyumbani, ambao akili zao zilikuwa timamu, wakanibeba kunipeleka hospitali.

Nisiwachoshe na foleni na fomu. Ninachokumbuka vizuri ni daktari aliyechukua kalamu ya wino akachora mstari kuzunguka sehemu iliyovimba, juu ya ngozi yangu, kisha pembeni akaandika saa. "Tuone unaelekea wapi," akasema. Jioni uvimbe ulikuwa umeuvuka mstari. Akachora mwingine juu zaidi. Shinikizo la damu likashuka, moyo ukaenda mbio, na wauguzi waliokuwa wakitembea wakaanza kukimbia. Mimi mwenye daftari la malengo nilibaki na lengo moja tu duniani: uvimbe usiufikie mstari wa pili.

Bakteria wa kawaida kabisa, wa aina wanaokaa juu ya ngozi za watu bila kuwadhuru, walikuwa wamepata upenyo wakaingia ndani, na mwili wangu ukawa unapambana nao kwa fujo kiasi cha kujiumiza wenyewe. Hali hiyo huitwa sepsisi. Kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2017 peke yake watu wapatao milioni 48.9 waliipata, na milioni 11 kati yao walikufa. Hiyo ni karibu na kifo kimoja katika kila vifo vitano duniani mwaka huo. Wengine ilianzia kwenye nimonia, wengine kwenye njia ya mkojo, wengine kwenye uzazi, na wengi mno walikuwa watoto wadogo. Wengine, kama mimi, ilianzia kwenye mchubuko. Kwa hiyo, kijana wangu, hapo kwenye "siku hizi" tusamehane.

Siku ambayo niliweza kushika simu nilikuta ujumbe wa kazini. Mmoja alitaka faili. Mwingine aliuliza nitarudi lini, nilipojibu kwamba sijui, akaandika: "Lakini si kidonda tu?" Kwenye kundi la marafiki, wale niliochangia harusi zao na misiba yao, ziliwekwa emoji za mikono ya dua zikafuatana kama kumi hivi, halafu mazungumzo yakarudi kwenye mpira. Nimekuwa nikijiambia kwamba nimesamehe. Ninapoandika aya hii naona bado kazi ipo.

Aliyekuja ni jirani mmoja ambaye kabla ya hapo hatukuwahi kuvuka salamu. Hakuuliza maswali. Aliingia, akaangalia chupa ya dripu ilipofika, akaenda kumwambia muuguzi kwamba inakaribia kuisha, akanisogezea maji, akakaa. Kesho yake akaja tena na waya wa chaji. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba utotoni alizika ndugu zake wawili kwa mpigo, kwa ugonjwa ambao leo unazuiwa kwa chanjo. Yule mtu alijua chumba cha mgonjwa kinataka nini. Sisi wengine tunajua emoji.

Usingizi ulikuwa umenikimbia, nikaanza kusoma kuhusu watu waliokufa kwa vidonda vidogo. Najua si usomaji wa kumfaa mgonjwa, lakini ulinituliza kuliko salamu nyingi.

Mwisho wa Juni 1924, mtoto wa Rais wa Marekani, Calvin Coolidge mdogo, alicheza tenisi katika uwanja wa Ikulu bila kuvaa soksi. Akapata lengelenge kwenye kidole cha mguu. Kijana wa miaka 16, mwenye afya, baba yake ndiye mwenye madaraka makubwa kuliko wote nchini, na madaktari bora walikuwa wakipishana mlangoni. Tarehe 7 Julai alikufa, damu yake ikiwa imejaa maambukizi. Haikuchukua hata siku kumi. Nyuma zaidi, mwaka 1836, Nathan Rothschild, mkopeshaji wa serikali na mmoja wa matajiri wakubwa kabisa wa dunia ya wakati wake, alisafiri hadi Frankfurt kwenye ndoa ya mwanawe, na huko jipu likamshinda. Hakurudi akiwa hai. Fedha zake zingeweza kununua jeshi, lakini kidonge ambacho leo unakipata kwenye duka lolote la dawa zisingeweza kukinunua, kwa kuwa hakikuwapo duniani.

Na Malkia Anne wa Uingereza alipata mimba 17. Nyingi ziliharibika au watoto walizaliwa wakiwa wamekufa, wengine wakafa wachanga, na mmoja aliyeonekana kuponyoka, William, alikufa mwaka 1700 akiwa na miaka 11. Malkia alifariki mwaka 1714 bila mtoto wa kumrithi. Ukitafuta nani leo ana maisha magumu kuliko malkia huyo kwa upande wa uzazi, utatafuta sana. Katika sehemu kubwa ya historia ya binadamu, karibu nusu ya watoto hawakufika utu uzima, ndani ya majumba ya kifalme na nje yake. Bibi yangu mwenyewe, ukimuuliza ana watoto wangapi, aliwataja wote kwa majina, waliopo na wasiokuwapo, na sauti yake haikubadilika akitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Tulipokuwa wadogo tulidhani anachanganya.

Kilichobadilika kati ya Rothschild na mimi si kwamba ngozi ya binadamu imekuwa ngumu. Ngozi ni ileile. Mwaka 1928 Alexander Fleming aliona ukungu ukiua bakteria katika kisahani cha maabara London. Zaidi ya miaka kumi ikapita kabla kundi la Oxford, chini ya Howard Florey na Ernst Chain, halijaanza kuutengeneza kuwa dawa, penisilini. Februari 1941 walimpa askari polisi mmoja, Albert Alexander, ambaye maambukizi yalikuwa yamemla uso na kusambaa mwilini. Ndani ya muda mfupi homa ikashuka, akaanza kula. Dawa ilikuwa adimu kiasi kwamba walikusanya mkojo wake, wakachuja penisilini iliyotoka humo wakamrudishia. Ikaisha. Ugonjwa ukarudi, na Machi akafa.

Niliposoma hilo niliitazama chupa iliyokuwa ikidondoka juu yangu. Aliyekuwa akiibadilisha alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku, akipiga miayo. Chupa nyingine ilikuwa tayari mezani.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema starehe imetuharibu. Mara nyingi wanaolisema hilo ni wazee wetu, nawaheshimu, na siku hizi wamejiunga nao vijana wanaooga maji ya barafu na kulala sakafuni kwa hiari ili wawe "wagumu", huku wakijipiga picha. Wanasema shida hujenga. Shida inaua kwanza. Wale inaowaua hawapati nafasi ya kusimama mbele yetu kusema haikuwajenga; tunawasikia waliobaki tu, nao kwa haki kabisa wanajivunia kubaki. Yule jirani yangu hakufanywa mwema na misiba. Nimeona watu waliopitia kama yake wakawa wakali na wachungu. Mimi sitaki mtoto wa mtu yeyote azike ndugu zake ili ajifunze kumwangalizia mtu dripu.

Kwa hiyo starehe siilaumu. Ninapenda maji yakitoka bombani, ninapenda taa, ninapenda dawa ya ganzi kuliko kitu chochote kilichowahi kuvumbuliwa. Kabla ya Oktoba 1846, etha, dawa ya kumlaza mgonjwa, ilipoonyeshwa hadharani Boston, sifa kuu ya daktari wa upasuaji ilikuwa kasi ya mkono, kwa sababu mgonjwa alikuwa macho. Anayetaka kurudi huko atangulie.

Ninacholalamikia ni kusahau, na kusahau kwenyewe kuna utaratibu wake. Kinga ikifanya kazi vizuri, haionekani. Mtoto asiyepata surua hana hadithi. Bomba lisilo na kipindupindu halitangazwi. Ukikaa ndani ya ulinzi huo tangu kuzaliwa, unaanza kuamini kwamba usalama ni tabia ya dunia, na kwamba wanaoulipia, kuulinda na kuukesha wanapoteza muda wao na fedha zetu. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sisi shibe imetufikisha mahali pa kutoijua hata njaa ya nyumbani kwetu juzi.

Na hapo madhara huanza, ya kweli, ya kuhesabika. Samoa, nchi ya visiwa huko Pasifiki, mwaka 2019, imani ya wazazi kwa chanjo ilikuwa imeshuka baada ya watoto wawili kufa mwaka uliotangulia kwa sababu wauguzi walichanganya chanjo na dawa isiyo yake. Hofu yao ilikuwa na chanzo, siwacheki. Lakini waliijua ile ajali na hawakuijua surua. Surua ikaingia visiwani, na katika miezi michache watu 83 wakafa, walio wengi wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Serikali ilifunga shule, ikazuia mikusanyiko ya watoto, na mwishoni ikawaambia watu wasiochanjwa watundike kitambaa chekundu nje ya nyumba ili timu za chanjo ziwafikie.

Linganisha na ndui. Huo ni ugonjwa ambao uliua watu wanaokadiriwa kufika milioni 300 katika karne ya 20 pekee, na wengi wanaosoma hapa hawawezi kueleza unafananaje. Mtu wa mwisho kuupata kwa njia ya kawaida ni Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, Somalia, mwaka 1977. Alikuwa amekwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Akapona. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetokomezwa. Maalin miaka mingi baadaye alijiunga na kampeni ya chanjo ya polio, akizunguka kuwaambia wazazi habari zake mwenyewe, na alikufa kwa malaria mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo. Kila ninapomfikiria mtu huyo naona aibu kulalamika kwamba intaneti iko taratibu.

Kuna na huyu ambaye siwezi kumwacha. Ignaz Semmelweis, daktari wa Vienna, mwaka 1847 aliwalazimisha wenzake kunawa mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wanawake wanaojifungua. Wanafunzi wa udaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuingia moja kwa moja wodi ya uzazi. Vifo vya kina mama katika wodi hiyo vilikuwa vimepita 10 kwa kila 100. Mwaka 1848 vikawa chini ya 2. Unajua walimlipa nini? Wakubwa wake walikasirika kuambiwa mikono ya waungwana ni michafu. Alihangaika, akavurugikiwa, akaishia kufungiwa katika hifadhi ya wagonjwa wa akili, na humo mwaka 1865 akafa akiwa na miaka 47, kwa jeraha lililoingia maambukizi. Leo kunawa mikono ni kibandiko juu ya sinki ambacho hakuna anayekisoma.

Udhaifu wetu hauko mwilini tu. Tarehe 28 Aprili 2025 umeme ulikatika karibu nchi nzima ya Hispania na Ureno, mchana kweupe. Treni zikasimama njiani zikiwa na abiria, watu wakanaswa kwenye lifti, kadi za benki zikawa plastiki tu, simu zikapoteza mtandao. Watu wakapanga foleni kununua redio za betri, zile ambazo bibi alikuwa nazo na sisi tukaziona za kizamani. Ilikuwa saa chache tu kwa wengi, na kesho yake asubuhi karibu kila mahali taa zilikuwa zimewaka. Saa chache zilitosha kuonyesha watu wazima, wasomi, wasiokumbuka namba ya simu ya mama zao.

Huko Japani, katika kijiji cha Aneyoshi, wazee walisimamisha jiwe baada ya tsunami ya mwaka 1933, wakaandika wajukuu wao wasijenge nyumba chini ya hapo. Watu wakatii, ingawa chini ndiko karibu na bahari na kazi. Tarehe 11 Machi 2011 wimbi lilipanda bondeni likaishia chini ya jiwe. Nyumba zilizo juu hazikuguswa. Pwani hiyohiyo ina mamia ya mawe ya onyo, mengine ya zamani zaidi, na sehemu nyingi watu walishajenga chini yake kwa sababu palikuwa pamekaa kimya muda mrefu na kuta za kuzuia bahari zilionekana imara. Jiwe halina nguvu yoyote. Walioishi ni wale ambao kila kizazi kilikubali kusumbuliwa nalo.

Sasa mtaniuliza, kaka, tufanye nini? Wengine mtakuwa mmeruka mpaka hapa, nawajua.

La kwanza, kaa na mzee wako. Usimuulize siri ya mafanikio, muulize nani alikufa na kwa nini. Muulize maji yalitoka wapi, mgonjwa alibebwa na nani, watoto walizaliwa wangapi na wamebaki wangapi. Andika. Wengi wetu tuna picha elfu za safari zetu na hatuna mstari mmoja wa jinsi bibi zetu walivyonusurika.

La pili, heshimu dawa. Fleming mwenyewe, alipokuwa akipokea tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba mtu atakayejinunulia penisilini na kunywa kidogo isivyotosha atawafundisha vijidudu kuishinda. Tumemsikia? Kwa makadirio ya wataalamu, mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu vijidudu vilivyowashambulia vilishakuwa sugu. Usinunue antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, bila kupimwa. Usinywe zilizobaki za jirani. Usidai upewe kwa mafua, mafua ni ya virusi na haziyagusi. Kunywa kama ulivyoandikiwa. Nasisitiza kwa sababu mimi mwenyewe, kama chupa ya kwanza ingeshindwa, sijui kama ningekuwa naandika. Tafadhali, usinunue antibiotiki bila kupimwa.

La tatu, jua dalili. Mtu mwenye maambukizi yoyote, hata madogo, akianza kutetemeka sana, kuchanganyikiwa au kuongea ovyo, kuhema kwa shida au haraka haraka, kupata mkojo kidogo mno, ngozi kubadilika rangi kwa mabaka, au akikwambia anajisikia kufa, usisubiri kesho. Mwamini. Mpeleke usiku huohuo na ukifika taja neno sepsisi. Wa nyumbani kwangu walisubiri saa chache tu, na daktari alisema saa zile zina thamani.

La nne, chanjo. Zako na za watoto. Pepopunda nayo ina chanjo na watu wazima wengi hawakumbuki mara ya mwisho waliipata lini. Sina la kuongeza hapo.

La tano, jiandae kidogo. Sisemi uchimbe handaki na kujaza makopo, huo nao ni ugonjwa. Nasema maji ya kunywa ya siku kadhaa, tochi, redio ya betri, fedha taslimu kidogo, na namba za watu wako muhimu kwenye karatasi. Karatasi, si simu.

Na sasa nizungumze na sisi wa daftari la malengo, maana najua tulivyo. Tunapanga miaka mitano kana kwamba mwili ni mkataba uliosainiwa. Tunawatazama waliokwama, walioumwa, walioanguka kibiashara baada ya kuuguza, na ndani ya moyo kuna kisauti kinasema hawakujipanga. Acheni hilo. Hujafa hujaumbika. Nusu ya unachokiita nidhamu yako ni kwamba hujachubuka mahali pabaya. Nakwambia kwa sababu nimekaa pande zote mbili za kitanda: juu ya kitanda nidhamu yangu haikuonekana popote, na kilichonibakiza ni kazi ya watu ambao wengi wao walikufa kabla sijazaliwa, pamoja na yule muuguzi mwenye miayo.

Malengo endeleeni nayo. Mimi nimerudi kwenye yangu, na ile kazi, kwa taarifa ya walioniuliza faili, niliimaliza na ikapokelewa vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Ila kwenye kila ukurasa wa mwezi sasa naandika jina la mgonjwa mmoja wa kwenda kumwona. Wapo siku zote. Ukidhani hawapo ni kwa sababu hujauliza. Nenda saa wanazoruhusu wageni. Nawa mikono ukiingia na ukitoka. Usimletee hadithi ya mtu aliyepona kwa majani fulani. Muulize kama simu yake ina chaji na kama kuna mtu wa kumpigia, tazama kama maji yako karibu na mkono wake, na akianza kusinzia, ondoka.